Sayansi haikuulizi cheti mlangoni

Unakumbuka ile pete ya chuma ya Makueni? Ilikuwa Jumatatu, Desemba 30, 2024. Watu bado walikuwa wanamalizia nyama ya Krismasi na kungoja Mwaka Mpya, mara chuma kikaanguka kutoka juu katika kijiji cha Mukuku. Upana wake ulikuwa mita 2.5 hivi na uzito kama kilo 500. Nusu tani, msomaji wangu. Hakuna aliyeumia, na kwa hilo tushukuru. Shirika la Anga za Juu la Kenya, KSA, lilifika likakichukua, likasema ni kipande cha roketi, pete ile ambayo hutenganisha sehemu za roketi ikiwa safarini.

Siku hizo nilikuwa kwa dadangu Kayole. Kwenye grupu ya WhatsApp ya ploti, jumbe ziliingia hadi simu ikapata moto. Mmoja alisema vita vimeanza. Mwingine akatuletea Kitabu cha Ufunuo. Wa tatu alitaka kujua watu wa skrapu wangenunua kilo moja ya kile chuma kwa pesa ngapi. Mimi nilituma vikatuni vitatu vya kucheka, nikaweka simu chini.

Mpwa wangu wa miaka tisa aliiokota, akaangalia picha, akaniuliza: "Anko, mwalimu alisema vitu vikianguka kutoka juu vinaungua hadi vinaisha. Mbona hii haikuungua?"

Nikakosa la kusema. Na si ati sikuwahi kuingia darasani. Niliingia chuo, nikaacha mwaka wa pili wakati karo ilikataa kupatikana, lakini kwa hiyo miaka miwili niliandika noti za fizikia na kemia hadi nikamaliza madaftari. Sasa mtoto wa Gredi ya Nne ananiuliza swali moja tu, na mimi sina jibu. Nilimwambia aende nje acheze. Alienda, lakini nilimwona usoni. Alikuwa ameshajua mambo mawili: kwamba anko hajui, na kwamba anko hataki kusema hajui.

Leo nataka tuongee kuhusu hiyo aibu, kwa sababu nina hakika na wewe unayo. Halafu nikuambie kwa nini mikutano ya sayansi ya watu wote, ile ya darubini uwanjani, ya kutazama ndege, ya wakazi kupima hewa na maji yao wenyewe, si mambo ya watu wasio na kazi. Ni mambo yako, tena zaidi ya unavyofikiria.

Kama miezi miwili baadaye, jamaa tuliyesoma naye alinipigia. Kuna watu wanaleta darubini kwenye uwanja wa shule moja, ni bure, yeyote anakaribishwa. Ilikuwa Ijumaa. Nitasema ukweli: nilienda kwa sababu mfukoni hamkuwa na pesa ya kwenda mahali pengine. Nikamchukua na mpwa wangu.

Tulikuta foleni. Akina mama wamebeba watoto, vijana wa boda wameegesha pikipiki kando ya ua, hata mlinzi wa shule na rungu lake alikuwa kwenye laini. Kila mtu alipewa dakika moja hivi. Zamu yangu ilipofika niliona Mshtarii, ile sayari ambayo shuleni tuliisoma kama Jupiter. Ilikuwa duara dogo lenye mistari, na kando yake vidoa vinne vimejipanga. Dada aliyekuwa akiongoza alituambia kwamba hivyo vidoa ni miezi yake, na kwamba Galileo aliiona Januari 1610 kwa darubini hafifu kuliko hiyo. Kwa kuitazama usiku baada ya usiku, aligundua kwamba si kila kitu kilicho juu huizunguka dunia yetu. Wakubwa wa wakati wake hawakufurahi.

Kisha dada akasema: maswali? Kimya. Unakijua hicho kimya. Kila mtu anaangalia viatu vyake. Mpwa wangu akainua mkono, akauliza lile swali lake la Desemba.

Na akajibiwa. Kitu kinachozunguka dunia kwa karibu hukimbia kilomita 7.8 hivi kila sekunde. Kwa mwendo huo ungetoka Nairobi ufike Mombasa, ukienda moja kwa moja kama ndege, kabla dakika moja haijaisha. Kikishuka na kukutana na hewa nzito, hewa iliyo mbele yake hubanwa ghafla, na hewa ikibanwa hupata joto. Ukijaza upepo kwenye baiskeli, gusa pampu upande wa chini uone. Sasa, kila metali ina joto lake la kuyeyuka. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi. Titani huvumilia hadi karibu 1,670. Kipande chembamba cha alumini huishia huko juu. Kipande kinene cha metali ngumu kinaweza kufika chini. Ndiyo maana mabaki hayo hupangwa yaungue yote au yaanguke baharini, na ndiyo maana mara chache mpango hukosea.

Dada alieleza yote hayo kwa Kiswahili. Neno likimpotea, alionyesha kwa mikono. Nyuma yangu mama mmoja akasema, "Kumbe!" Kisha kijana wa boda, ambaye hakuwa amefungua mdomo tangu afike, akauliza: "Na kikiangukia nyumba yangu, nani analipa?"

Hebu tulia na hilo swali kidogo. Dakika tano kabla, huyo kijana alikuwa ananyamaza kama sisi wengine. Alipoelewa kidogo tu jinsi kile chuma kilivyofika chini, aliuliza swali ambalo lina sheria ndani yake. Na jibu lipo: kuna mkataba wa kimataifa wa mwaka 1972 unaosema kwamba nchi iliyorusha chombo ndiyo hubeba gharama kikileta hasara hapa ardhini. Mimi sikuwa nimewahi kusikia hayo. Wewe je?

Kwangu mimi, faida kubwa ya mikutano hii ndiyo hiyo. Hakuna anayetegemea utoke pale umekuwa profesa. Unatoka ukiweza kuuliza swali linalofuata. Mtu asiyeweza kuuliza swali linalofuata huambiwa, na akishaambiwa, imeisha. Ataambiwa maji ni safi. Ataambiwa moshi wa ile kampuni hauna neno. Ataambiwa mafuriko ni mapenzi ya Mungu. Hana pa kushika, kwa hivyo anatuma vikatuni vya kucheka, kama mimi.

Sasa, mbona tunaogopa? Kwa sababu sisi tulikutana na sayansi kama mtihani. Ilikuja na alama nyekundu. Ukipata D ya Fizikia, unaondoka shuleni ukiamini sayansi ilikupima ikakukataa. Ukiacha chuo kama mimi, ni mbaya zaidi: unaona ni kama ulifukuzwa kwenye nyumba ya watu, na ukipita hapo nje unainamisha kichwa. Ukiona tangazo limeandikwa "mhadhara wa umma", unasoma neno mhadhara na hulioni neno umma.

Hebu nikuambie kuhusu mzee mmoja wa Makueni. Ndiyo, Makueni ile ile. Anaitwa Kamoya Kimeu. Hakuwa na masomo zaidi ya shule ya msingi. Mwaka 1960 alipata kazi ya kuchimba na familia ya kina Leakey huko Olduvai, Tanzania. Kazi ya mkono, ya jua kali. Lakini alikuwa na macho, na alikuwa na subira, na alijifunza kila mfupa aliooneshwa. Mwaka 1984, huko Nariokotome, upande wa magharibi wa Ziwa Turkana, aliona kipande cha fuvu kisichozidi kisanduku cha kiberiti, rangi yake ikifanana na ya mawe yaliyokizunguka. Wengine wangekikanyaga wakapita. Kutoka hapo yalichimbuliwa mabaki ya mvulana aliyeishi karibu miaka milioni 1.5 iliyopita, ambaye dunia inamjua kama Turkana Boy. Hadi leo ni mojawapo ya mifupa kamili zaidi ya binadamu wa kale iliyowahi kupatikana. Wataalamu waliotazama meno yake wanakadiria alikuwa na miaka minane au tisa. Umri wa mpwa wangu.

Kuna nyani wa kale wawili waliopewa jina la Kimeu na wanasayansi. Mwaka 2021 chuo kikuu cha Case Western Reserve cha Marekani kilimpa shahada ya heshima ya udaktari. Alifariki Julai 2022. Fanya hesabu: digrii ilimfikia miaka 61 baada ya kuanza kazi. Sayansi yenyewe haikuwa imemngoja aipate.

Sisemi vyeti ni takataka. Daktari akinipasua, nataka awe nacho, na awe alikipata kwa jasho. Ninachosema ni kwamba kuna kazi kubwa ya sayansi inayohitaji tu macho, subira na uaminifu wa kuandika ulichoona, si ulichotaka kuona. Hiyo kazi mlango wake uko wazi. Hakuna anayekuuliza cheti pale.

Kama unafikiri haya ni ya wazungu na mababu, angalia Kibera. Mwaka 2009, ukifungua ramani nyingi za mtandaoni, pale Kibera palikuwa kama hapana kitu. Watu wengi hivyo, lakini kwenye ramani ni doa tupu. Vijana 13 wa Kibera wenyewe walichukua vifaa vya GPS, wakatembea vichochoro walivyovijua tangu utotoni, wakaandika: hapa kuna bomba la maji, hapa choo, hapa zahanati, hapa shule. Ndiyo Map Kibera hiyo. Sasa kitu kikishakuwa kwenye ramani, ni vigumu mtu kukaa ofisini aseme hakipo. Choo kisichoonekana kwenye ramani hakiwezi kuingia kwenye bajeti.

Ama tuje Mukuru. Huko wakazi walibeba vipima hewa vidogo mwilini wakiendelea na shughuli zao za kila siku, wakishirikiana na watafiti, ili ijulikane wanavuta nini. Vipimo hivyo hutafuta vumbi jembamba sana, lile ambalo upana wa chembe yake hauzidi mikromita 2.5. Unywele wako una kama mikromita 70, kwa hivyo chembe karibu 30 zinaweza kujipanga kwenye upana wa unywele mmoja. Pua haizizuii. Zinashuka hadi ndani kabisa ya mapafu, na nyingine huingia kwenye damu. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilisema mwaka 2021 kwamba wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 5 kwa kila mita moja ya ujazo ya hewa, yaani urefu kwa upana kwa kimo. Sasa fikiria takataka zinazochomwa jioni nyuma ya ploti yenu, jiko la makaa ndani ya chumba kimoja, na matatu inayotoa moshi mweusi pale steji. Bila kipimo, unachoweza kusema ni "hewa ni mbaya", na utajibiwa umezoea kulalamika. Ukiwa na kipimo, unataja saa, mahali na namba.

Na si lazima kila kitu kiwe na hasira. Kuna lile jambo la ndege. Nature Kenya, chama kilichoanza mwaka 1909, kina matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi, yakianzia Makumbusho ya Kitaifa ya Nairobi. Fleur Ng'weno alianza kuyaongoza mapema miaka ya 1970. Jumatano asubuhi watu wa maana wako kazini. Mimi sikuwa na kazi, nikaenda.

Nilidhani nitakutana na wazee wa kitajiri wenye kofia. Wazee walikuwepo, sikatai. Lakini walikuwepo pia wanafunzi, mama mmoja aliyestaafu ualimu, na vijana kadhaa wanaotaka kuwa waongoza watalii. Mmoja aliniazima darubini yake ya macho mawili bila kuniuliza mimi ni nani. Nimeishi Nairobi maisha yangu yote na nilikuwa najua ndege watatu: kunguru, kuku, na wale marabou wa pale Nyayo ambao wanaweza kukuharibia shati ukienda mahojiano ya kazi. Kumbe Kenya ina zaidi ya aina 1,000 za ndege. Kumbe wale wanaopiga kelele alfajiri juu ya paa wanaitwa kwarara. Kumbe mbayuwayu ninaowaona kwenye nyaya za stima kuanzia mwisho wa mwaka wengi wametoka Ulaya, wamevuka jangwa la Sahara kwa mabawa yale madogo, na ikifika Aprili hivi wanarudi.

Sasa hapa ndipo matembezi huwa sayansi. Kuna mradi unaoitwa Kenya Bird Map. Nchi imegawanywa kwa miraba ya kilomita 9 hivi kwa 9. Ukiingia mraba wowote, unaandika ndege uliowaona, unatuma kwa simu. Orodha yako moja haisemi mengi. Lakini ukiweka maelfu ya orodha pamoja, miaka na miaka, unaona ndege gani amepungua wapi, nani amehama, mvua inapochelewa nani anachelewa nayo. Hakuna chuo chenye pesa ya kuajiri watu wa kukaa kila mahali wakihesabu. Hiyo kazi inahitaji mimi na wewe. Mraba wa Kayole unahitaji mtu wa Kayole.

Nikupe moja unayoweza kuanza leo jioni bila kwenda popote. Tafuta kopo lenye pande zilizonyooka, lisilopanuka juu. Liweke mahali wazi, mbali na paa na miti. Mvua ikinyesha, asubuhi chovya rula upime maji yamefika milimita ngapi, andika tarehe, mwaga. Ni hivyo tu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Nyumba yangu ni futi kumi kwa kumi, kama mita 9 za mraba. Mvua ya milimita 50 ikinyesha usiku, paa langu peke yake limepokea kama lita 460. Hiyo ni mitungi 23 ya lita 20. Kutoka kwa mabati ya chumba kimoja! Sasa hesabu mabati yote ya mtaa, ongeza lami na saruji zisizokunywa maji, kisha uangalie ule mtaro mwembamba ulioziba kwa karatasi. Hapo utajua maji yalitoka wapi.

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu ya Aprili 2024. Wewe pia unaikumbuka. Mathare, Mukuru, Kitengela, watu walilala wakaamkia majini. Kuna waliokufa. Kopo langu halingezuia ile mvua, na sitakudanganya kwamba lingeokoa mtu. Lakini fikiria vijana wa mitaa ya juu ya mto na vijana wa mitaa ya chini wakiwa na makopo, wakiwa na grupu moja, na wakiwa na rekodi ya miaka mitatu inayosema: kule kukinyesha kiasi hiki, huku maji hupanda baada ya saa kadha. Hiyo si ndoto ya maabara. Ni kopo, rula na daftari. Na siku ya mkutano na kaunti, hilo daftari linaongea vizuri kuliko mimi nikipiga kelele.

Sasa nigeukie wanaoandaa haya mambo, kwa sababu lawama haiwezi kuwa yetu peke yetu.

Kwanza, lugha na mahali. Mkutano wa "umma" unafanyika Jumanne saa nne asubuhi, ndani ya hoteli yenye mlinzi anayekupekua kwa macho kabla akupekue kwa mkono, na kila kitu ni Kiingereza kuanzia salamu hadi chai. Umma gani huo? Mama mboga yuko kibandani, wa mjengo yuko mjengo. Kumbi za kijamii ziko Eastlands yote, nyingi zikikaa tupu jioni ama zikikodishwa kwa harusi. Maktaba zipo. Viwanja vya shule vipo. Travelling Telescope, kundi alilolianzisha Susan Murabana na mwenzake, limekuwa likibeba darubini hadi shule za mbali ambazo basi halifiki vizuri. Kama darubini inaweza kufika huko, profesa anaweza kufika Kayole saa kumi na mbili jioni.

Na tafadhali, msituambie Kiswahili hakiwezi. Nimesikia pete ya roketi ikielezwa kwa Kiswahili hadi mama akasema kumbe. Anayeshindwa kueleza kazi yake kwa lugha ya mtaa, mara nyingine tatizo si lugha.

Pili, turudishieni majibu. Miaka michache iliyopita watu wenye fulana za mradi walikuja mtaani kwetu kupima maji ya mto. Tuliwaonyesha njia, tukawabebea vichupa, tukajibu maswali kurasa nne. Tulipewa soda na asante. Hadi leo hatujui ule mto ulikuwa na nini. Yale maji yetu yakawa karatasi ya mtu mahali fulani. Ukitumia macho yangu, miguu yangu na mto wangu, rudi uniambie umepata nini, hata kama ni habari mbaya. Hasa kama ni habari mbaya.

Tatu, tuambieni historia yetu. Unajua Desemba 12, 1970, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini karibu na Malindi? Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, na kwa sababu siku hiyo ilikuwa sikukuu yetu ya uhuru, iliitwa Uhuru. Jina la Kiswahili limo kwenye vitabu vya wanaanga wa dunia nzima. Mimi nilimaliza shule ya upili bila mtu kunitajia. Mwaka 2018 setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, na Aprili 2023 Taifa-1 ikapaa kutoka California. Halafu tunashangaa chuma kikianguka Makueni, kama kwamba anga ni ya majirani.

Najua swali lako. "Msee, hii itanilipa?"

Hapana. Nisikudanganye. Kuhesabu mbayuwayu hakujalipa keja yangu, na mwisho wa mwezi landilodi hataki milimita. Nimekaa bila kazi, najua jinsi mtu anavyochoka kuambiwa ajitolee. Kama wikendi yako ni ya kibarua, enda kibarua, hakuna anayekuhukumu. Lakini wengi wetu tuna jioni mbili tatu tunazozimaliza kwenye simu tukibishana na watu tusiowajua kuhusu mambo tusiyoyajua. Mimi ni mmoja wao. Moja ya hizo jioni naweza kuitoa. Na kuna malipo yasiyopitia M-Pesa: kutodanganywa kirahisi. Mtu akikuletea dawa ya maajabu ya kisukari, akikuambia chanjo ina namba ya shetani, ama akikuambia maji ya mto ni sawa kwa mboga, unajua cha kumuuliza. Umejuaje? Umepima vipi? Nani mwingine amepima?

Kwa hivyo ninaomba mambo matatu, na si makubwa. Kaunti na vyuo, tupeni jioni moja kwa mwezi katika ukumbi mmoja wa kijamii kila wadi, mtaalamu mmoja, Kiswahili, na nusu ya muda iwe ya maswali. Watafiti, kabla hamjaandika ripoti yenu ya mwisho, rudini mlikochukua vichupa. Na wewe msomaji, mwezi huu tafuta kitu kimoja cha namna hii ukihudhurie, na ukifika uulize swali moja kwa sauti. Likionekana la kijinga, uliza hivyo hivyo. Kuna mtu nyuma yako analo hilo hilo, na anaangalia viatu.

Tukirudi nyumbani ile Ijumaa, tulipanda matatu ya mwisho mwisho. Mpwa wangu alikaa dirishani akitafuta Mshtarii kati ya mataa ya barabara. Akaniuliza miezi ya Mshtarii ni mingapi yote kwa jumla, ama ni ile minne tu.

Nilimwambia: "Sijui. Kesho tutafute pamoja."

Hakuniangalia vibaya. Alisema sawa, akaendelea kutafuta.